Kutoka Jani Hadi Dawa: Somo kwa Vyama Vinavyouza Mimea ya Tiba

MADHUMUNI YA SOMO

Somo hili limekusudiwa kusomwa na makatibu wa vyama vya msingi, kisha kujadiliwa na wanachama katika vikundi vya kujisomea. Baada ya kulimaliza, katibu anapaswa kuweza kueleza mambo matatu. La kwanza ni jinsi virusi na kinga ya mwili vinavyofanya kazi. La pili ni hatua ambazo mmea hauna budi kuzipitia kabla ya kustahili kuitwa dawa ya ugonjwa fulani. La tatu ni maneno ambayo chama chaweza kuyaandika juu ya bidhaa yake, na yale ambayo hakiwezi kuyaandika bila ya kuhatarisha maisha ya watu na mali ya wanachama.

MFANO WA KUANZIA

Uchukuliwe mfano wa chama cha wakulima wa tangawizi kinachopeleka mazao yake Dar es Salaam. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini hakuna jambo ndani yake lisiloweza kutokea.

Chama kina tani 2 za tangawizi iliyokaushwa na kusagwa. Mnunuzi mmoja wa Kariakoo anaikubali bei ya kawaida, ila anaongeza sharti. Kama pakiti zitaandikwa maneno "Hutibu virusi vya aina zote na huongeza kinga ya mwili", atalipa shilingi 500 zaidi kwa kila kilo. Hesabu yake si ngumu: tani 2 ni kilo 2,000, na kilo 2,000 mara shilingi 500 ni shilingi 1,000,000. Kwa chama kidogo, fedha hizo zaweza kulipa deni la magunia na nauli ya lori, na bado zikabaki za kununulia turubai za kuanikia. Bodi inakutana, na wajumbe wengi wanaona kwamba maneno hayagharimu kitu.

Jioni ya siku hiyo mwanachama mmoja anamjia katibu faraghani. Kwa miaka kadhaa amekuwa akitumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, naye amechoka na safari za kliniki. Anauliza: "Ndugu Katibu, ikiwa tangawizi yetu yenyewe inatibu virusi, kuna haja gani ya mimi kuendelea na vidonge?"

Maneno yatakayochapwa juu ya pakiti ndiyo jibu atakalopewa mwanachama huyu, na ndilo jibu atakalopewa kila mgonjwa asiyejulikana atakayeinunua pakiti hiyo. Kwa hiyo swali la bodi na swali la mwanachama ni swali moja.

SOKO NA BIDHAA ZAKE

Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jengo la Soko Kuu, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliliunguza, na wafanyabiashara wengi wakahamishiwa mahali pengine. Hata hivyo biashara ya viungo na mimea ya dawa haikukoma, kwa sababu tangu zamani haikuwa ndani ya jengo peke yake. Imo katika maduka, vibanda na meza za mitaa inayolizunguka.

Mtu anayepita katika mitaa hiyo hukuta tangawizi, vitunguu saumu, manjano, mdalasini, karafuu na habasoda vikiwa pamoja na unga wa majani ya mlonge, majani ya mwarobaini, magome na mizizi iliyofungwa mafungu. Wanasayansi nao wamelichunguza soko hili. Uchunguzi juu ya mimea isiyo ya miti iuzwayo Kariakoo ulichapishwa mwaka 2018. Wanunuzi hutoka mikoani na nchi za jirani. Pakiti iliyouzwa asubuhi yaweza kuwa safarini kuelekea Lubumbashi au Moroni kabla ya juma kwisha, na maneno yaliyo juu yake husafiri pamoja nayo bila ya mtu wa kuyafafanua.

VIRUSI NI NINI

Virusi ni vijidudu vidogo mno, vidogo kuliko bakteria. Bakteria aweza kula na kuzaliana peke yake. Kirusi hawezi, ni lazima aingie ndani ya chembe hai ya mwili na kuitumikisha ili itengeneze virusi wengine. Kwa sababu hiyo ni vigumu kumwangamiza kirusi bila ya kuidhuru chembe aliyojificha ndani yake.

Aidha, virusi si wa aina moja. Virusi vya mafua, vya surua, vya homa ya ini, vya UKIMWI na vya korona vinatofautiana kwa umbo na kwa njia ya kuingia katika chembe. Dawa inayovizuia virusi vya UKIMWI visizaliane haitibu surua. Basi maneno "hutibu virusi vya aina zote" yanapaswa kumtia shaka msomaji kabla hajauliza jambo jingine lolote. Malaria, kwa upande wake, hailetwi na virusi bali na vimelea, na dawa ya malaria haiwi dawa ya virusi kwa sababu tu imetokana na mmea.

KINGA YA MWILI NI NINI

Kinga ya mwili ni ulinzi wenye sehemu nyingi: ngozi, makohozi, chembe nyeupe za damu na askari maalumu wanaokumbuka adui aliyewahi kuingia. Chanjo hufanya kazi kwa kuwafundisha askari hao kumtambua adui kabla hajafika. Kwa njia hiyo ndui ilitokomezwa duniani, na Shirika la Afya Duniani likautangazia ulimwengu jambo hilo mwaka 1980.

Watu wengi hudhani kwamba kinga ikiongezeka tu ni heri. Sivyo ilivyo. Kinga yaweza kupungua, kama kwa mgonjwa wa UKIMWI asiyepata dawa. Yaweza pia kuzidi na kuudhuru mwili wenyewe, kama katika pumu. Katika ugonjwa wa korona, baadhi ya wagonjwa mahututi walidhuriwa zaidi na kinga yao iliyopandwa na hasira kuliko virusi. Mwezi Juni 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza kinga, ilipunguza vifo kwa kiasi cha theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine. Wagonjwa hao waliokolewa kwa kuitia kinga breki. Ndiyo maana wataalamu husema juu ya kurekebisha kinga, yaani kuipandisha au kuishusha kwa kadiri inayotakiwa. Muuzaji anayesema kwamba bidhaa yake "huongeza kinga" hana budi kuulizwa: sehemu ipi ya kinga, kwa kiasi gani, kwa mgonjwa yupi, na imepimwaje?

HATUA SITA KUTOKA JANI HADI DAWA

Hakuna ubishi kwamba mimea ina dawa. Magome ya mkwinini yalitumika dhidi ya homa kwa muda mrefu kabla ya wakemia wa Ufaransa kukitenga kiini chake, kwinini, mwaka 1820. Wajerumani waliupanda mti huo Amani, katika milima ya Usambara, na wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 kwinini ilitengenezwa hukohuko. Mmea wa artemisia, uliotumika China kwa karne nyingi, ulimpatia mtafiti Tu Youyou kiini cha dawa ya malaria mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Lakini kila mmea uliofika huko ulipanda ngazi, na ngazi hiyo ina hatua sita.

Hatua ya kwanza ni matumizi ya jadi. Mganga au mzee anaeleza mmea gani hutumika, kwa ugonjwa gani, na kwa namna gani. Habari hizo ni hazina, nazo huonyesha mahali pa kuanzia kutafuta.

Hatua ya pili ni utambuzi. Mtaalamu wa mimea huchukua tawi lenye majani, maua au matunda, hulikausha na kulihifadhi, ili ijulikane bila shaka ni mmea gani uliozungumzwa.

Hatua ya tatu ni maabara. Mmea hulowekwa katika maji au spiriti ili dawa iliyomo itoke. Kinachopatikana baada ya kuchuja huitwa hapa mchujo. Mchujo huo hutiwa katika kichupa chenye chembe hai na virusi, na watafiti hutazama kama virusi vinazaliana au la. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walieleza kwamba mchujo wa majani ya artemisia kwa maji ya moto ulizuia virusi vya korona visizaliane katika vichupa vya namna hiyo. Habari hiyo ni njema, lakini ni ya kichupa. Sabuni pia huua virusi vya korona, na hakuna anayeinywa. Manjano nayo yana kiini kinachofanya mambo mengi katika kichupa, lakini kikimezwa ni kidogo sana kinachofika katika damu.

Hatua ya nne ni usalama na kipimo. Hapa huchunguzwa kama mchujo unadhuru ini, figo au mimba, na ni kiasi gani kinachofaa. Mbarika watosha kuwa mfano: mafuta yake yaliyotengenezwa vizuri ni dawa ya kuendesha choo, lakini mbegu zake zikitafunwa zina sumu iwezayo kuua. Mmea ni ule ule. Tofauti imeletwa na matengenezo na kipimo.

Hatua ya tano ni majaribio kwa binadamu. Wagonjwa waliokubali kwa hiari hugawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja hupewa dawa inayojaribiwa. Jingine hupewa matibabu ya kawaida au kidonge kisicho na nguvu. Bila ya kundi la pili haiwezekani kujua ni nani aliyeponywa na dawa na ni nani aliyepona mwenyewe, kwa maana mafua na hata korona huwaondokea watu wengi bila ya dawa yoyote.

Hatua ya sita ni usajili na ufuatiliaji. Serikali huangalia ushahidi, kiwanda na lebo. Na dawa ikishaingia sokoni huendelea kuangaliwa.

Wako waliofika juu kwa upande wa virusi, ingawa ni wachache. Mwaka 2006 Marekani iliruhusu mafuta ya kupaka yaliyotokana na majani ya chai kwa ajili ya chunjua za sehemu za siri zinazoletwa na virusi. Dawa ya mafua iitwayo oseltamivir, iliyoanza kutumika mwaka 1999, ilitengenezwa kwa kuanzia na asidi iliyotolewa katika kiungo cha China chenye umbo la nyota. Lakini ilipita mikononi mwa wakemia mara nyingi, na mtu akikitafuna kiungo chenyewe hapati dawa ya mafua. Kunywa chai vilevile hakuondoi chunjua.

MAFUNZO YA HAPA NCHINI

Tanzania haikuwa nyuma katika kazi hii. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili, Dar es Salaam, kitengo cha utafiti wa dawa za asili, nacho kikawa Taasisi ya Tiba Asili mwaka 1991. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, nayo ina kituo cha tiba asili huko Mabibo. Mkoani Tanga, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, waganga wa jadi na waganga wa hospitali walishirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Wakati huo dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwapo kwa wananchi wa kawaida, na mimea ilitumika kupunguza magonjwa nyemelezi na kuwapa nafuu wagonjwa. Heshima ya kazi hiyo ilitokana na kutaja nafuu kuwa nafuu, bila ya kuiita uponyaji.

Mwaka 2011 lilitokea jambo jingine. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu aligawa kikombe cha dawa iliyochemshwa kwa mizizi ya mti wa mugariga, kwa shilingi 500. Maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda, na foleni ya magari ikawa ndefu mno. Wapo wagonjwa wa UKIMWI walioacha vidonge vyao wakiamini kwamba wamepona. Haikuthibitishwa kwamba kikombe hicho kilimwondolea mtu virusi. Bei ilikuwa ndogo, na kwa mgonjwa aliyekunywa na kuendelea na vidonge hasara ilikuwa nauli. Kwa aliyeviacha, virusi vilipata nafasi ya kuongezeka upya katika damu.

Mwezi Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini. Tangawizi, malimau na vitunguu saumu vikatafutwa kwa wingi, na kujifukiza kukaenea mijini na vijijini. Mwezi Mei ndege ya Serikali ilikwenda Madagaska kuchukua kinywaji kilichotengenezwa kwa artemisia, na NIMR ikatoa dawa yake ya mimea iliyoitwa NIMRCAF. Mwezi Septemba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani pamoja na wataalamu wa Afrika waliidhinisha utaratibu wa kuzijaribu dawa za mimea kwa binadamu dhidi ya korona. Maana ya utaratibu huo ni kwamba mimea ya Afrika inastahili kupimwa kwa mizani ileile inayopimia dawa nyingine. Chanjo dhidi ya korona ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021.

MADHARA YASIYOONEKANA

Husemwa mara nyingi kwamba dawa ya mimea, hata isipofaa, haidhuru. Ushahidi waonyesha vinginevyo.

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa watu wenye afya waliotumia vidonge vya vitunguu saumu pamoja na saquinavir, mojawapo ya dawa za zamani za virusi vya UKIMWI. Kiasi cha saquinavir katika damu yao kilipungua karibu nusu. Dawa ikipungua kiasi hicho katika damu ya mgonjwa, virusi hupata nafasi ya kuzaliana na kuizoea. Saquinavir haimo tena katika matibabu ya kawaida, lakini funzo lake limebaki. Dolutegravir, inayotumika kwa wingi siku hizi, nayo hupungua nguvu ikimezwa tumbo tupu pamoja na vidonge vya madini ya chuma au kalisi, vitu ambavyo huuzwa mara nyingi kwa jina la kuimarisha mwili.

Huko Afrika ya Kusini mmea uitwao Sutherlandia, unaotumiwa sana na watu kwa ajili ya kinga, ulijaribiwa kwa watu wazima wenye virusi vya UKIMWI kwa muda wa wiki 24. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba haukupunguza virusi wala kuongeza chembe za kinga. Na waliopewa mmea huo walikuwa na siku nyingi zaidi za maambukizo kuliko wale wa kundi la pili. Hakuna aliyeyatarajia hayo. Yalijulikana kwa sababu yalipimwa.

JINA MOJA, MIMEA MINGI

Hatari nyingine yahusu majina. Uchunguzi juu ya mimea ya dawa katika masoko ya Dar es Salaam na Tanga, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba jina moja la kienyeji laweza kubeba mimea ya aina zaidi ya moja. Mmea ukiwa na majani na maua hutambulika. Ukishakuwa unga katika mfuko, hata mkulima wake hawezi kuapa kwamba ndio. Unga uliopita mikono minne kabla ya kufika Kariakoo waweza kuwa umechanganywa na kitu kingine, au kuingiwa na ukungu wenye sumukuvu kwa sababu ya kutokauka vizuri.

Hapa ndipo ushirika una nguvu ambayo mchuuzi mmoja hana. Chama kinawajua wakulima wake kwa majina, kinayajua mashamba yao, na kina daftari. Kikiandika siku ya kuvuna, shamba, uzito, siku za kuanika na namba ya gunia, chaweza kumthibitishia mnunuzi kwamba kilichomo ndicho kilichoandikwa. Uthibitisho huo ni mali ya kweli, na ni halali kuudai bei.

KAZI YA KATIBU

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa za asili. Kiungo cha chakula ni jambo moja. Bidhaa inayodai kutibu ugonjwa ni jambo jingine. Mara neno "hutibu" linapoandikwa, bidhaa hutoka katika rafu ya viungo na kuingia katika rafu ya dawa, pamoja na masharti yake yote. Kwa hiyo yafaa katibu azingatie yafuatayo:

1. Lebo itaje jina la mmea, sehemu iliyotumika, uzito, mahali ulikolimwa, namba ya fungu na tarehe. Maneno "hutibu", "huponya", "huua virusi" na "huongeza kinga" yasiandikwe juu ya bidhaa isiyosajiliwa kwa madai hayo.

2. Mkataba wa mauzo uwe na kifungu kinachomkataza mnunuzi kubandika lebo yake yenye madai ya tiba huku akilitumia jina la chama.

3. Mtu akileta habari ya utafiti, katibu aulize: ulifanywa katika kichupa, kwa panya au kwa binadamu? Watu wangapi? Kulikuwa na kundi la pili? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

4. Wazee na waganga wenye ujuzi wa mimea wahesimiwe na wasinyang'anywe ujuzi wao. Mtafiti akija kijijini, makubaliano juu ya faida yaandikwe kabla ya mmea kuondoka.

5. Siri ya mgonjwa isiingie katika daftari la chama wala katika mazungumzo ya bodi.

KUUREJEA MFANO

Sasa yaweza kujibiwa yale maswali mawili. Kwa bodi, shilingi 1,000,000 ni fedha halisi na haifai kuidharau, kwani mwanachama aliyeshika jembe tangu masika ana haki ya kuuliza kwa nini imekataliwa. Jibu ni kwamba fedha hiyo hailipi tangawizi. Tangawizi ilikwisha kulipwa kwa bei yake. Nyongeza ni malipo ya ahadi ambayo hakuna mwanachama awezaye kuitimiza. Na siku mamlaka itakapoizuia shehena, au mgonjwa atakapodhurika, jina litakalotafutwa ni lile lililo juu ya pakiti. Chama chaweza kuifuata bei bora kwa njia nyingine: ukavu, usafi, uzito wa haki na daftari lisilo na mashaka. Huenda nyongeza ya njia hiyo isifike shilingi 500 katika msimu wa kwanza. Wanachama waambiwe hivyo waziwazi.

Kwa mwanachama aliyekuja jioni, katibu si mganga na hapaswi kujifanya mganga. Lakini yapo maneno anayoweza kuyasema bila ya kusita: "Ndugu yangu, tangawizi yetu ni kiungo kizuri, nasi tunaiuza kwa jina hilo. Haijathibitishwa kuondoa virusi vyako. Vidonge vimethibitishwa kuvizuia. Usiviache. Ukitumia mmea wowote, mweleze mhudumu wa kliniki, na kama safari imekuwa nzito, mwambie pia hilo." Kisha katibu aende kwenye mkutano wa bodi akaseme maneno yaleyale juu ya lebo, bila ya kutoa siri ya mtu.

MUHTASARI

Mimea ina dawa, na Tanzania ina watu na taasisi za kuichunguza. Kati ya jani na dawa kuna hatua sita. Mimea mingi iuzwayo Kariakoo imesimama katika hatua ya kwanza; michache imefika ya tatu. Kusema hivyo si kuitukana mimea wala waganga, bali ni kutaja mahali ilipofika, kama katibu anavyotaja salio la fedha lililomo bila ya kuongeza lile linalotumainiwa.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini mchujo unaozuia virusi katika kichupa huenda usimsaidie mgonjwa? Tajeni sababu mbili.

2. Elezeni kwa mfano kwa nini kuongeza kinga ya mwili si jambo jema kila wakati.

3. Kundi la pili katika majaribio kwa binadamu lina kazi gani?

4. Chukueni bidhaa moja inayouzwa na chama chenu. Iko katika hatua ya ngapi kati ya zile sita? Lebo yake inasema nini?

5. Endapo mnunuzi angewaletea sharti kama lile la mfano, nani katika chama angeamua, na uamuzi huo ungeandikwa wapi?